Uzi: Dune ya tatu yaja Desemba, nami nangojea onyesho moja tu, la bahari

Mwanzisha uzi, Mji wa Kale

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Kama ratiba iliyotangazwa haitabadilika, filamu ya tatu ya Dune itaanza kuonyeshwa tarehe 18 Desemba 2026, chini ya mwongozaji yule yule wa zile mbili za kwanza, Denis Villeneuve. Kila ninapopita nasikia watu wakitajiana waigizaji: kwamba Timothée Chalamet na Zendaya wamerudi, kwamba Anya Taylor-Joy, aliyeonekana kwa nukta chache tu katika filamu ya pili, sasa anamwigiza Alia, dada mdogo wa shujaa, kwa ukamilifu, na kwamba Robert Pattinson naye ameingia. Hayo ni mazuri. Lakini sijasikia mtu akikitaja kitabu, na filamu hii haitokani na riwaya ya Dune ya mwaka 1965 inayojulikana na wengi, bali na ile iliyoifuata, Dune Messiah, ambayo Frank Herbert aliitoa mwaka 1969. Ni kitabu chembamba, kichungu, kilichojaa njama za vyumbani, na aliyeipenda filamu ya pili kwa sababu ya vita vyake huenda akatoka sinema amenuna.

Nitasimulia kisa bila kuficha kitu. Asiyetaka kujua mwisho na aufunge uzi huu mapema, tusije tukalaumiana.

Riwaya ya kwanza inamhusu kijana Paul Atreides, ambaye ukoo wake unakabidhiwa Arrakis, sayari ya jangwa ambako peke yake ndiko kunakopatikana kiungo kiitwacho melange. Pasipo kiungo hicho hakuna rubani awezaye kuvusha chombo salama kati ya nyota, kwa hiyo anayeishika Arrakis ameishika dola yote kooni. Sisi tuliokulia chini ya kuta za Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 ili wailinde njia yao ya kwenda kwenye viungo vya Bara Hindi, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Baba yake Paul anauawa, yeye na mamaye wanakimbilia kwa wenyeji wa jangwani waitwao Fremen, wenyeji wanamwona kuwa ndiye mwokozi aliyetabiriwa, na mwishowe kijana anampindua mfalme na kukikalia kiti chake.

Msomaji wa haraka hukifunga kitabu akishangilia. Herbert mwenyewe alieleza zaidi ya mara moja kwamba nia yake ilikuwa kinyume, kwamba alitaka kuwatahadharisha watu na viongozi wenye mvuto ambao umma huwakabidhi akili zao. Wengi hawakumwelewa, hata waliomjua kwa karibu. John W. Campbell, mhariri wa jarida la Analog lililoichapisha Dune kwa mfululizo kati ya mwaka 1963 na 1965, aliikataa riwaya ya pili kwa kuwa hakupendezwa na shujaa anayeshindwa, na ikabidi itokee katika jarida la Galaxy. Filamu ya David Lynch ya mwaka 1984 ilikosea njia iyo hiyo: ilimalizika kwa mvua kunyesha Arrakis, kana kwamba Paul alikuwa mwokozi wa kweli na hadithi imeisha kwa heri.

Messiah inaanza miaka 12 baada ya ushindi. Paul ni mfalme, majeshi ya Fremen yamezagaa katika nyota zote kwa jina lake, na yeye hana uwezo wa kuyazuia. Kuna mahali anampa Stilgar, swahiba wake wa jangwani, somo la historia: anamtajia Genghis Khan, anamtajia Hitler na idadi ya waliouawa chini yao, naye Stilgar anaona hesabu hizo ni ndogo, hazina cha kumshangaza. Ndipo Paul anapomsomea hesabu yake mwenyewe, ambayo kwa makadirio ya chini ni watu bilioni 61, sayari 90 zilizofutwa uhai, sayari 500 zilizovunjwa moyo kabisa, na wafuasi wa dini 40 waliokatiliwa mbali. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado hunisisimua mwili, hasa kwa sababu Stilgar, mtu mwema tuliyempenda, amekwisha kuwa mtu wa kusikia mamilioni ya maiti na kuuliza ni hayo tu.

Lakini onyesho ninalolingojea ni dogo kuliko hilo. Mapema katika kitabu yumo mzee wa Kifremen aitwaye Farok, mpiganaji mstaafu, ambaye anatembelewa nyumbani kwake na mmoja wa wala njama. Farok anaeleza kilichomtoa kwao akaenda vitani. Alikuwa amesikia kwamba kuna kitu kiitwacho bahari. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo jasho huhifadhiwa na kunywewa tena aliambiwa kuna maji yasiyo na ng'ambo, hakuweza kusadiki, basi akajiandikisha ili akayaone. Akafika sayari moja, akayaona, akaingia ndani. Aliyaonja akayakuta machungu, nayo yakamwuguza, lakini mshangao haukumtoka mpaka uzeeni. Na alipotoka majini, ile hamu ya kupigana ilikuwa imemtoka.

Kila Desemba, treni ikishusha abiria Miritini, nawaona watu wazima pwani ya Pirates wakisimama mbele ya bahari kwa mara ya kwanza. Mwaka juzi nilimwona mzee mmoja wa bara amevua viatu akavishika kwa mkono wa kushoto, akachota maji kwa wa kulia, akayaonja, akatema, akacheka peke yake kwa muda mrefu. Nilimkumbuka Farok papo hapo. Villeneuve akilikata onyesho lile ili apate dakika tatu zaidi za mapanga, sitamsamehe.

Mchangiaji wa Kisauni

Ndugu yangu, umezungumza juu ya bahari kama mtu ambaye bomba lake lina maji. Mimi nilipokiona kitabu kile kwa mara ya kwanza sikuvutiwa na mwokozi wala na dola; nilivutiwa na vazi la Fremen linalochuja jasho na pumzi ya mvaaji na kumrudishia maji ya kunywa. Sisi tumezungukwa na bahari pande zote, na bado maji ya mji huu yanatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na yakikatika siku tatu ndiyo tunaanza kusikiliza mikokoteni ya mitungi inapopita. Bibi yangu alikuwa akiosha mchele, maji yale akayaoshea vyombo, na yale ya vyombo akamwagia mpapai. Ukimpeleka Arrakis angekuwa mwalimu wa watu.

Kwa hiyo nitakalolitazama mimi katika filamu ya tatu ni namna Fremen wanavyoanza kuyadharau maji. Hilo limo kitabuni: wameshinda, wametajirika, jangwa linaanza kupandwa miti, na vijana wa mjini hawavai tena lile vazi kwa uangalifu wa wazee wao. Kwa maoni yangu huo ndio msiba mkubwa, na hauna mlio wa bomu hata mmoja.

Mchangiaji wa Tudor

Mimi nina kinyongo. Kitabu cha kwanza kinalitaja neno jihadi kila baada ya kurasa chache, na ndilo linalomtisha Paul tangu mwanzo hadi mwisho. Filamu ya mwaka 2021 ikalikwepa na kusema vita vitakatifu, na kionjo chake cha kwanza kilitumia neno la vita vya msalaba, jambo ambalo mtu akilifikiri vizuri ni kichekesho. Wamechukua mavazi, wamechukua jangwa la Wadi Rum kule Jordan na la Liwa kule Abu Dhabi, wamechukua Mahdi, wamechukua sauti za wanawake wanaolia kama walio msibani, kisha wakaona neno hilo moja ndilo litakalowaletea balaa. Na mwigizaji mwenye asili ya Kiarabu ukimtafuta katika nafasi kubwa utamaliza mafuta ya taa. Katika filamu ya pili yupo Souheila Yacoub, ambaye baba yake ni Mtunisia, na baada yake sioni mwingine wa kumhesabu haraka.

Sasa Messiah ndiyo jihadi yenyewe ikiwa imekwisha kutokea. Watakiitaje kitu hicho?

Mwanzisha uzi, Mji wa Kale

Dada wa Kisauni, nimekubali kosa. Kweli kwetu bomba lina maji, japo ya usiku wa manane.

Bwana wa Tudor, hoja yako ni nzito na sina jibu la kuimaliza. Ila nitaongeza jambo ambalo nadhani ni sisi tu, wasomaji wa Kiswahili, tunaolipata bure. Msomaji wa Uingereza akikutana na jina Lisan al-Gaib hulazimika kwenda nyuma ya kitabu, kwenye faharasa ya maneno, ambako Herbert ameeleza kwamba maana yake ni sauti kutoka ulimwengu wa nje. Sisi tunalo neno lisani, tunalo neno ghaibu, na jamaa zetu waliokwenda kutafuta riziki Ulaya na Uarabuni tunasema wako ughaibuni. Ukimwuliza mwanachuoni wa Kiarabu atakwambia kwamba ghaibu ni mambo yaliyofichika, ayajuayo Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini Fremen wanamngojea mtu wa kutoka ng'ambo ya sayari yao, yaani mtu wa ughaibuni hasa, na kwa maana hiyo Kiswahili kimemkaribia Herbert kuliko Kiarabu alichokiazima.

Endelea hivyo hivyo. Muad'Dib, jina ambalo Paul analichagua, ni la kipanya cha jangwani, lakini sikio letu linasikia adabu na kuadibu, kwa kuwa asili yake ni mwalimu anayefunza adabu. Usul, jina lake la siri, kitabu kinalifasiri kuwa kitako cha nguzo, nasi tuna usuli. Na linaloniuma kuliko yote ni Ghanima. Ndilo jina la binti ambaye Chani, mpenzi wa Paul wa Kifremen, anamzaa mwishoni mwa Messiah, pacha wa mvulana Leto, naye Chani anafariki katika uzazi huo huo. Ghanima, mali iliyotekwa vitani! Mtoto ameitwa nyara, na mama yake ndiye gharama. Nilipolisoma jina hilo sikuhitaji faharasa, nilikiweka kitabu chini nikatoka nje.

Mchangiaji wa Majengo

Swali dogo. Yule mdudu mkubwa wa mchangani, ambaye Fremen humwita na kumpanda, tumwite nani? Mnyoo unanikumbusha dawa tulizopewa shule ya msingi, na nyungunyungu ni wa shambani, haogopwi na mtu.

Mchangiaji wa Likoni

Mwite Shai-Hulud, kama wanavyomwita wenyewe, au Shetani, kwani Fremen humwita hivyo pia.

Nirudi kwa Chani, maana hapo ndipo penye kazi. Mnaelezea kitabu kana kwamba filamu itaanzia pale kitabu kinapoanzia, na hilo haliwezekani tena. Katika riwaya, Paul akitangaza kwamba atamwoa binti mfalme Irulan kwa ajili ya siasa, Chani anabaki ubavuni mwake, na mama yake Paul anamliwaza kwamba historia itawatambua wao kuwa wake wa kweli. Katika filamu ya mwaka 2024 Chani hakubali. Katika filamu nzima yeye ndiye mtu asiyesadiki utabiri, na mwisho anatoka ukumbini, anasimama mchangani peke yake, anamwita mdudu wake aondoke. Niliiona filamu hiyo na binti yangu, naye alipiga makofi hapo.

Messiah ya kitabuni inamhitaji Chani aliye ndani ya nyumba. Inamhitaji anayetamani mtoto na hapati, kwa kuwa Irulan anamtilia kwa siri dawa ya kuzuia mimba katika chakula, na inamhitaji anayekufa akijifungua. Villeneuve atamrudishaje mwanamke aliyeondoka na hasira ya haki? Akimrudisha kwa maneno mawili ya kuombana radhi, atakuwa amelivunja jambo bora alilolibuni mwenyewe. Asipomrudisha, hakuna Ghanima wala Leto, na hapo hakuna hadithi. Hili ndilo ninalolingojea mimi, ndugu mwanzisha uzi, na linanitia wasiwasi kuliko onyesho lako la bahari.

Mwalimu wa Changamwe

Nimesoma kwa furaha, na nina masahihisho mawili ya kirafiki.

La kwanza, tusiseme kwamba Messiah haijawahi kuigizwa. Mwaka 2003 ulitoka mfululizo wa televisheni ulioitwa Children of Dune, na sehemu yake ya kwanza ilikuwa ni Messiah. Picha zake zimezeeka, lakini mwisho wa Paul uliigizwa kwa heshima. Paul anapofushwa na silaha inayounguza macho, anaendelea kwa muda kuona kwa njia ya utabiri, kisha utabiri nao unamtoka, na kwa kuwa desturi ya Fremen ni kipofu kwenda jangwani peke yake, anakwenda. Mfalme wa nyota zote anaitii sheria ya watu maskini waliomlea. Wakilifanya hilo vizuri mwezi Desemba, mimi nitawasamehe mengine.

La pili ni kuhusu maneno. Si kila neno la Herbert lilitoka moja kwa moja katika kamusi ya Kiarabu. Alisoma kitabu cha Lesley Blanch cha mwaka 1960 juu ya Imamu Shamil, aliyepigana na Warusi katika milima ya Caucasus hadi aliposalimu amri mwaka 1859, na humo ndimo alimookota mengi. Mfano ni naib. Kwa Fremen naib ni mkuu wa jamaa yake, wala hana wa juu yake; Stilgar ni naib. Kwa Shamil manaibu walikuwa watu aliowaweka kutawala wilaya kwa niaba yake, na sisi Wakenya naibu tunamjua sana, ni mtu wa pili anayengojea wa kwanza asafiri. Ukiisoma Messiah kwa Kiswahili utaona neno limerudi kwao: Stilgar aliyekuwa mkuu wa watu wake sasa ni mtumishi wa ikulu, naibu kwa maana yetu sisi. Sidhani kama Herbert alilikusudia, lakini limo.

Kuhusu jihadi, bwana wa Tudor, hapa tunatofautiana. Neno hilo kwetu lina heshima na maana pana, na kwanza kabisa ni mtu kuishinda nafsi yake. Herbert alilitumia kwa maana moja tu, ya moto unaoenea. Likitoka kwenye filamu, sitalilia. Nitakalolilia ni zile hesabu. Wakionyesha majeshi yakiondoka kwa shangwe na wasionyeshe hata sayari moja kati ya zile 90, basi watakuwa wamelificha tendo, siyo neno.

Mchangiaji wa Tudor

Mwalimu, nimekuelewa, na la hesabu nakuunga mkono. Kwenye neno bado nina kinyongo changu, niachieni.

Mchangiaji wa Kisauni

Je, kuna aliyeona kwamba mpiga picha amebadilika? Zile mbili za kwanza alikuwa Greig Fraser, na ya kwanza ilimpa Oscar, mojawapo ya sita ilizopata filamu hiyo mwaka 2022. Hii ya tatu amepewa Linus Sandgren. Nauliza kwa sababu jangwa la Fraser lilikuwa na rangi moja, kama unga wa mtama, na lilipendeza. Lakini bahari ya Farok ikipigwa picha kwa rangi hiyo ya unga itakuwa matope.

Mwanzisha uzi, Mji wa Kale

Hilo la rangi halikuwa limenijia. Sasa nalo nimelibeba.

Mama wa Likoni, nimefikiri juu ya Chani tangu jana usiku. Nadhani njia ipo, na iko katika ile miaka 12. Filamu ya pili imefinya matukio ya miaka hadi yakaingia katika ujauzito mmoja, ndiyo maana Alia hakuzaliwa, wakati kitabuni alikuwa mtoto anayetembea na ndiye aliyemwua Baron, yule adui mkuu wa ukoo wao. Kama wamejua kufinya, wanajua na kunyoosha. Chani anaweza kurudi kwa sababu zake mwenyewe, si kwa kuombwa. Labda amerudi kumtazama kwa karibu mtu anayeua kwa jina la watu wake. Mwanamke wa namna hiyo ndani ya ikulu atakuwa na uzito kuliko yule wa kitabuni ambaye, niseme kweli, Herbert alimwacha akae kimya mno.

Mwalimu, kuhusu Stilgar na unaibu, nitaiazima hoja hiyo nikabishane nayo barazani.

Jambo la mwisho ni la kupanga safari. Kwa ratiba ilivyo sasa, Avengers: Doomsday nayo imewekwa tarehe hiyo hiyo ya 18 Desemba, na vioo vya sinema katika mji huu ni vya kuhesabu, kwa hiyo tusitegemee kwamba Dune itapewa saa nzuri za jioni. Walio tayari kwenda onyesho la mchana Nyali waseme hapa mapema. Kitabu ninacho kimoja, jalada limetoka na kurasa za Farok zimekunjwa pembe, na kitazunguka kwa zamu kuanzia kwa dada wa Kisauni, kwa sharti kwamba asikisomee karibu na mitungi. Tukitoka sinema, tutavuka tukanywe madafu Likoni kwa mama, kisha nitarudi kwenye uzi huu huu kuwaeleza kama bahari imo au haimo.